Kisa cha Neoglyphea inopinata: Kukosa Magando Si Hati ya Undugu

Mwezi Julai 1908, meli ya utafiti Albatross ya Idara ya Uvuvi ya Marekani ilikokota wavu wake juu ya sakafu ya bahari karibu na mlango wa Ghuba ya Manila, nchini Ufilipino, katika kina kisichofika mita 200. Wavu ulipopandishwa ulikuwa na viumbe vya kila namna, na miongoni mwao alikuwamo dume mmoja wa mnyama aliyefanana na kambakoche mdogo, mwenye macho makubwa na jozi ya kwanza ya miguu iliyo mirefu na imara, lakini isiyo na magando ya kweli. Hakuna aliyetambua wakati ule kwamba mnyama huyo alikuwa wa ukoo ambao wataalamu wa visukuku walikwisha kuuandika katika orodha ya koo zilizotoweka. Alitiwa katika chupa ya kileo, akasafirishwa pamoja na mavuno mengine ya msafara huo uliodumu kuanzia mwaka 1907 hadi 1910, akahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na huko akakaa bila jina kwa miaka 67.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Ufaransa, Jacques Forest na Michèle de Saint Laurent, walichapisha maelezo ya mnyama huyo na kumpa jina Neoglyphea inopinata. Sehemu ya kwanza ya jina inamtaja kuwa Glyphea mpya, kwa kumlinganisha na jenasi ya visukuku iliyokuwa imejulikana tangu karne ya kumi na tisa. Sehemu ya pili ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu kisichotarajiwa. Ni jina la haki kabisa, kwa kuwa kisukuku cha mwisho cha ukoo huo kilitoka katika miamba ya kipindi cha Eosini, yenye umri wa karibu miaka milioni 50, na hakuna aliyekuwa akitazamia kumwona mmoja wao akiwa na nyama mwilini.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya mnyama aliyefufuka, na kweli inastahili kusimuliwa hivyo. Lakini ndani yake mna suala zito zaidi ambalo husahaulika mara tu msisimko wa ugunduzi unapopoa, nalo ni suala la nasaba: mnyama huyu na jamaa zake wa kale ni ndugu wa nani miongoni mwa krasteshia, yaani wanyama wenye gamba wa jamii ya kamba na kaa, walio hai leo? Uchambuzi huu unalifuata suala hilo peke yake, kwa sababu ninaamini kwamba jibu la kwanza lililotolewa, na ambalo lilikaa vitabuni kwa muda mrefu, lilijengwa juu ya kosa la kimantiki ambalo ni rahisi kulirudia hata sasa.

Kwanza tumweke mnyama mahali pake. Krasteshia wenye miguu kumi, yaani dekapoda, ni kundi linalojumuisha kamba, kaa, kambakoche na jamaa zao. Ndani yake mna wanyama wengi wenye umbo tunaloliita la kambakoche: kifua kilichofunikwa na gamba gumu, tumbo refu lenye pingili, na mkia uliopanuka kama kipepeo cha kupungia hewa. Wenye umbo hilo walio hai leo wamegawanyika katika makundi makuu manne. Wapo akelata, ambao ni kambakoche wenye papasi nene zenye miiba pamoja na wenzao wenye mwili bapa. Hawa hawana magando katika miguu yao ya mbele. Wapo astasidea, yaani kambakoche wenye magando makubwa na kamba wa maji baridi wanaofanana nao. Hawa wana magando katika jozi tatu za kwanza za miguu. Wapo polikelida, wanyama wa bahari ya kina ambao wana magando katika jozi nne au zote tano. Kisha wapo Glypheidea, ambao nitawaita glifea, na hao ndio kiini cha kisa hiki.

Glifea walianza kuonekana katika miamba ya kipindi cha Triasiki, karibu miaka milioni 250 iliyopita, na katika kipindi cha Jurasiki walikuwa miongoni mwa dekapoda wa kawaida kabisa baharini. Katika mawe ya chokaa ya Solnhofen, huko Bavaria nchini Ujerumani, ambayo yana umri wa karibu miaka milioni 150 na yanasifika kwa kuhifadhi hata viungo vilivyo dhaifu, wanapatikana wanyama wa jenasi Mecochirus, wenye jozi ya kwanza ya miguu iliyorefuka kupita kiasi, kiasi kwamba mtu anayemtazama mnyama huyo kwa mara ya kwanza huona miguu kabla ya kuona mwili. Kuanzia kipindi cha Kretasia idadi yao inapungua, na baada ya Eosini miamba inanyamaza.

Mtaalamu wa visukuku anapopata mnyama wa namna hii hapati mwili kamili. Mara nyingi anachopata ni gamba la kifua, na huenda hata hilo si la mnyama aliyekufa, kwa maana dekapoda hujivua gamba kila wanapokua, na maganda waliyoyaacha huweza kugeuka kisukuku sawa na maiti. Kwa hiyo utambuzi hutegemea sana mifereji iliyochorwa juu ya gamba hilo. Mifereji hii si pambo. Hufuata mipaka ya viungo vya ndani na mahali misuli ilipojishikiza, na mpangilio wake hutofautiana kati ya ukoo na ukoo kwa uthabiti unaomwezesha mtaalamu kumtambua glifea hata akiwa na nusu ya gamba mkononi. Mfereji mkubwa unaokatiza shingo, mingine iliyo nyuma yake inayoteremka kwa mshazari kuelekea mbele, na matuta yaliyopangwa kwa safu katika sehemu ya kichwa, vyote kwa pamoja ni kama maandishi. Forest na de Saint Laurent waliweza kumtambua mnyama wa Albatross kwa sababu waliyasoma maandishi hayo juu ya mnyama mwenye mwili kamili, wakayakuta ni yale yale yaliyokuwa yakisomwa juu ya mawe.

Hapa ndipo lazima tutofautishe mambo mawili ambayo wasimulizi wengi huyachanganya. Kumtambua mnyama kuwa ni glifea ni jambo moja, na kujua glifea ni ndugu wa nani ni jambo jingine. Mifereji ya gamba ilitosha kwa jambo la kwanza. Kwa jambo la pili haikutosha, na ushahidi uliotumika kabla ya mwaka 1975 ulikuwa dhaifu kuliko uthabiti wa maneno yaliyoandikwa juu yake.

Katika mpangilio uliokubalika zaidi, ule ulioandikwa na Martin Glaessner mwaka 1969 katika mkusanyo mkubwa wa visukuku vya wanyama wasio na uti wa mgongo, glifea waliwekwa chini ya kundi lililoitwa Palinura, pamoja na jamaa wa kambakoche wenye miiba na jamaa wa polikelida. Mpango huo ulikuwa na mvuto wake. Glifea hawana magando kamili, na kambakoche wenye miiba hawana magando; gamba la glifea ni lenye mikwaruzo na vinundu, na la kambakoche wenye miiba vilevile. Kwa kuwa glifea walitangulia katika miamba, ilionekana ni jambo la kawaida kuwaona kama wahenga, au angalau kama jamaa wa karibu wa wahenga, ambao kutoka kwao kambakoche wenye miiba walichipuka.

Tuupime ushahidi wenyewe. Nyoka hana miguu, na mkunga hana miguu, lakini hakuna anayesema kwamba wawili hao ni ndugu kwa sababu hiyo. Kukosa kiungo kunaweza kutokea kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa: ama ukoo haujawahi kuwa na kiungo hicho, ama ulikuwa nacho ukakipoteza. Na hata kama koo mbili zote hazijawahi kuwa nacho, jambo hilo haliwaunganishi wao peke yao, kwa sababu hali ya kutokuwa nacho ni urithi wa mababu wa mbali ambao wengine wengi pia waliurithi kabla ya kuubadilisha. Ushahidi wa undugu wenye uzito ni sifa mpya iliyozuka mara moja katika mhenga mmoja na kuachwa kwa wazao wake. Akelata wanazo sifa za namna hiyo. Lava wao, yaani mtoto anayetoka kwenye yai kabla ya kupata umbo la wazazi, ni wa ajabu, bapa kama jani na anayepenyeza mwanga, mwenye miguu mirefu myembamba, na huelea baharini kwa miezi mingi kabla ya kugeuka. Mnyama akionyesha lava wa aina hiyo tunaweza kumwita ndugu wa akelata bila kusita. Kutokuwa na magando hakutoi kibali hicho.

Zaidi ya hayo, kusema kwamba glifea hawana magando ni kusema nusu ya kweli. Katika Neoglyphea, pingili ya mwisho ya mguu wa kwanza hujikunja na kukutana na mwiba uliochomoza kwenye pingili inayoitangulia, hivyo mnyama anaweza kubana kitu ingawa hana koleo lenye vidole viwili vinavyolingana. Hilo ni nusu-gando. Je, nusu-gando ni hatua ya kuelekea gando kamili, au ni mabaki ya gando lililopungua, au ni kifaa cha pekee ambacho glifea walijitengenezea wenyewe? Swali hili halijibiwi kwa kuutazama mguu peke yake. Linajibiwa kwa kuujenga kwanza mti wa nasaba kutokana na sifa nyingine nyingi, kisha kuuweka mguu juu ya mti huo na kuona ni maelezo gani yanayohitaji mabadiliko machache zaidi. Wapangaji wa zamani walikwenda kinyume: walianza na mguu, wakaujenga mti juu yake.

Sitaki kuwahukumu kwa ukali. Walikuwa na mawe tu, na jiwe halina matamvua, halina mishipa ya fahamu, halina viungo vya uzazi, na sehemu ndogo za mdomo huhifadhiwa mara chache mno. Mtu aliye na mifereji ya gamba na miguu iliyovunjika hupanga kwa kile alichonacho. Lakini udhaifu wa ushahidi ulipaswa kuonekana katika udhaifu wa hitimisho, na haukuonekana. Palinura ilifundishwa kama kundi la asili, na glifea wakafundishwa kama mlango wake.

Dume mmoja wa mwaka 1908 hakutosha kuubadilisha mpango huo. Mwili uliokaa katika kileo kwa zaidi ya nusu karne unaweza kutazamwa kwa nje, lakini kuupasua kielelezo pekee kilichopo duniani ni jambo ambalo hakuna mhifadhi atakayelikubali kwa moyo mwepesi. Ndiyo maana hatua iliyofuata ilikuwa ya maana kubwa kuliko inavyopewa. Mwezi Machi 1976, Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia ya Asili la Paris, kwa kushirikiana na shirika la Ufaransa la utafiti wa ng'ambo lililojulikana kwa kifupi ORSTOM, lilituma msafara katika maji yale yale ya Ufilipino kwa meli Vauban, kwa kufuata kumbukumbu za mahali na kina zilizoandikwa na mabaharia wa Albatross miaka 68 kabla yake. Msafara huo, ulioitwa MUSORSTOM kwa kuunganisha majina ya taasisi hizo mbili, ulipata vielelezo tisa. Misafara mingine ilifuata mwaka 1980 na 1985, na baadaye mnyama huyo akapatikana pia katika Bahari ya Timor, kaskazini mwa Australia. Jumla ya vielelezo vilivyoandikwa ni 17. Ninaona inafaa kusimama kidogo hapa: daftari la meli lililoandikwa kwa uangalifu, lenye tarehe, kituo na kina, ndilo lililowezesha watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo kurudi mahali palepale na kumkuta mnyama bado yupo. Kielelezo bila kumbukumbu za mahali kingebaki kuwa ajabu ya chupani.

Vielelezo vipya vilileta kile ambacho mawe hayakuweza kukitoa. Sasa matamvua yaliweza kuhesabiwa na umbo lake kuelezwa, sehemu za mdomo kufunguliwa moja baada ya nyingine, kifua kutazamwa kwa chini, dume kulinganishwa na jike. Baada ya kazi ya miaka mingi, iliyokusanywa katika maelezo mapana ya mwaka 1989, Forest na de Saint Laurent walishikilia kwamba Neoglyphea haingii katika nyumba ya kambakoche wenye miiba hata kidogo, na kwamba jirani zake wa karibu ni astasidea, yaani wale wenye magando makubwa. Fikiria uzito wa hukumu hiyo. Mnyama aliyehesabiwa kwa vizazi kuwa jamaa wa wasio na magando kwa sababu ya kukosa magando, alipofunguliwa mwili wake alionyesha kufanana zaidi na wenye magando makubwa kupita wote. Orodha kuu ya uainishaji wa krasteshia iliyotolewa mwaka 2001 iliufuata mtazamo huo na kuwaweka glifea ndani ya astasidea.

Hata hivyo, haki ya uchambuzi inanitaka niupime upande huu kwa mizani ile ile niliyoitumia upande wa kwanza. Je, kufanana kwa Neoglyphea na astasidea kulitokana na sifa mpya walizozirithi kwa mhenga wao wa pekee, au kulitokana na ukweli kwamba wote wawili wamehifadhi mpango wa kale wa mwili ambao akelata waliuacha? Baadhi ya sifa zilizotajwa zilikuwa za aina ya kwanza kwa dhahiri kuliko nyingine. Kwa maoni yangu, kazi ya mwaka 1989 ilithibitisha kwa nguvu kile ambacho glifea si, na ilipendekeza kwa busara kile ambacho huenda ni. Hayo si mafanikio madogo, lakini ni mawili, na uzito wao haulingani.

Wakati huo huo nyumba ya Palinura yenyewe ilikuwa ikibomoka. Mwaka 1995 Gerhard Scholtz na Stefan Richter walichapisha uchunguzi wa nasaba ya dekapoda wanaotambaa, uliozingatia sifa mpya za pamoja badala ya mfanano wa jumla. Walionyesha kwamba polikelida na akelata ni matawi mawili yaliyoachana mapema, na kwamba kuwaweka chini ya paa moja kulikuwa ni kukusanya wanyama waliobakiwa na hali za kale. Glifea waliokuwa wapangaji wa nyumba hiyo hawakuwa tena na mahali pa kurudi hata kama mtu angetaka kuwarudisha. Uainishaji uliokuja baada ya orodha ile ya mwaka 2001 umewapa hadhi ya kundi kuu linalojitegemea, lililo sambamba na astasidea, akelata na polikelida, bila kuwamezesha katika lolote kati ya hayo. Naliona hilo kuwa suluhisho la uaminifu, kwa kuwa linatamka kiasi kile kile ambacho ushahidi unakitamka.

Kisha bahari ikatoa shahidi wa pili. Mwezi Oktoba 2005, msafara mwingine wa Kifaransa ulikuwa ukifanya kazi katika Bahari ya Matumbawe, katika eneo la Chesterfield, magharibi ya Kaledonia Mpya, ukapata jike mmoja wa glifea ambaye hakuwa Neoglyphea inopinata. Bertrand Richer de Forges alimweleza mwaka 2006 kwa jina Neoglyphea neocaledonica, na mwaka huo huo Forest, akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, akaona kwamba tofauti zake ni kubwa mno kwa jenasi moja, akamwundia jenasi Laurentaeglyphea. Jina hilo ni kumbukumbu ya Michèle de Saint Laurent, aliyefariki mwaka 2003 bila kumwona mnyama huyo. Siwezi kulipita jambo hili kama tarehe tu. Mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kusoma mifereji juu ya gamba la spishi moja alikosa kwa miaka miwili tu kumwona ndugu yake wa pekee aliye hai.

Kwa suala la nasaba, thamani ya shahidi wa pili ni kubwa kuliko idadi inavyoonyesha. Ukoo unaojulikana kwa spishi moja hai hauwezi kutenganisha kwa urahisi mambo ya ukoo na mambo ya spishi: kila sifa ya Neoglyphea ingeweza kuwa sifa ya glifea wote, au upekee wake mwenyewe uliozuka jana. Spishi mbili zikisimama pamoja, kile wanachoshirikiana kinaweza kupelekwa kwa mhenga wao kwa ujasiri zaidi, na kile wanachotofautiana kinaondolewa mezani. Pia kielelezo kilichovuliwa mwaka 2005, katika zama ambazo wavuvi wa sayansi wanajua kuhifadhi tishu kwa ajili ya DNA, ni hazina ya aina nyingine kabisa ikilinganishwa na mwili uliohifadhiwa mwaka 1908 na watu ambao hawakuwa na habari ya DNA. Mwaka 2010 timu ya Kifaransa, ambayo Richer de Forges alikuwa mmoja wao, ilichapisha uchunguzi wa jeni uliojumuisha jenasi zote mbili za glifea walio hai, na kwa hiyo mabishano yakatoka katika mikono ya wasomaji wa magamba peke yao.

Uchunguzi mpana zaidi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2014 na timu iliyoongozwa na Heather Bracken-Grissom, ulikusanya spishi 173 zenye umbo la kambakoche, jeni sita na sifa 195 za maumbile, zikiwa zimewakilishwa familia zote na asilimia 94 ya jenasi. Kati ya matokeo yake, moja linagusa moyo wa kisa hiki: data za jeni na za maumbile zilipounganishwa, wanyama wenye umbo la kambakoche hawakuonekana kuwa kundi moja la asili. Maana yake ni kwamba ndani ya mti wa dekapoda, baadhi ya wenye umbo hilo wana undugu wa karibu zaidi na wanyama wasiokuwa na umbo hilo kuliko na wenzao wanaofanana nao. Gamba la kifua, tumbo refu na mkia mpana ni vazi la kale ambalo matawi kadhaa yamelihifadhi na mengine yameliacha. Kosa lililofanywa juu ya magando ya glifea, kwa hiyo, lilikuwa limefanywa pia juu ya umbo zima la kambakoche, kwa kiwango kikubwa zaidi na bila mtu kulitilia shaka.

Uchunguzi huo huo unatoa tarehe ambazo zinahitaji kusomwa kwa makini. Ulikadiria kwamba makundi makuu yote ya wenye umbo la kambakoche, glifea wakiwamo, yalikwisha kuwapo katika kipindi cha Karboni, kati ya takriban miaka milioni 353 na 318 iliyopita. Visukuku vya kwanza vya glifea ni vya Triasiki. Kati ya makadirio na mawe pana pengo linalozidi miaka milioni 60. Msomaji anaweza kuliona hilo kuwa mgongano, lakini mimi naliona kuwa jambo linalotarajiwa. Tarehe ya jeni inakadiria wakati matawi yalipoachana. Tarehe ya kisukuku inaonyesha wakati ambapo tawi lilikuwa na wanyama wengi wa kutosha, wenye sifa zinazotambulikana, waliokufa mahali panapohifadhi. Dekapoda mwenye sura ya kambakoche anayeitwa Palaeopalaemon newberryi anajulikana kutoka miamba ya mwisho wa kipindi cha Devoni, kilichotangulia Karboni, huko Marekani, na baada yake miamba ina uhaba mkubwa wa jamaa zake hadi Triasiki. Ukimya wa namna hiyo ni wa miamba, na hauthibitishi kwamba bahari ilikuwa tupu.

Ushahidi bora wa kauli hiyo ni Neoglyphea mwenyewe. Pengo la karibu miaka milioni 50 kati ya kisukuku cha mwisho cha Eosini na dume wa mwaka 1908 linatuambia wazi kwamba ukoo unaweza kuishi muda mrefu kupita enzi nzima bila kuacha jiwe hata moja lililofika mikononi mwa watu. Glifea wengi wa Jurasiki wanatoka katika mashapo ya bahari za kina kifupi, ambayo leo yako nchi kavu na yanachimbuliwa. Wawili waliobaki wanaishi kwenye ukingo wa nje wa sakafu ya bara na kwenye miteremko ya bahari, mahali ambapo mashapo yake hayajapanda juu ili mtu ayapasue kwa nyundo. Ukoo uliopungua idadi, ukahamia vilindini na kubakia katika maeneo machache, una kila sababu ya kutoweka katika kumbukumbu za mawe huku ukiendelea kutaga mayai.

Kuna usemi unaotumika sana juu ya wanyama hawa, kwamba ni visukuku hai, nami nautumia kwa tahadhari. Usemi huo humfanya msikilizaji adhani kwamba Neoglyphea ni Glyphea ya Jurasiki iliyosimama bila kubadilika. Lakini Forest na de Saint Laurent hawakumweka katika jenasi Glyphea. Walimwundia jenasi yake kwa sababu alikuwa amebadilika. Spishi ya pili nayo ilihitaji jenasi ya tatu. Kwa hiyo tunao wazao wawili, kila mmoja akiwa amekwenda njia yake kwa mamilioni ya miaka, na mtu atakayewachukua kama picha kamili ya mababu zao atarudia kosa la kudhani kwamba kilicho cha zamani katika sura yake ni cha zamani katika kila kitu. Macho yale makubwa, kwa mfano, yanaweza kuwa urithi wa kale au matayarisho ya kuishi katika mwanga hafifu wa kina cha mita 200, na gamba la kisukuku lisilo na macho haliwezi kutuamulia.

Kisichoamuliwa bado katika kisa hiki ni kimoja, nacho ni mahali hasa ambapo tawi la glifea linaungana na shina la wenzao. Kwamba si mlango wa kambakoche wenye miiba, ushahidi wa viungo umeonyesha. Kwamba astasidea ni majirani wanaofaa kuchunguzwa kwanza, nakubali, kwa sababu hoja za mwaka 1989 bado zina nguvu na hazikutegemea kukosekana kwa kiungo chochote. Kama ningetakiwa kuchagua ushahidi utakaoliamua suala hili, nisingechagua kisukuku kingine wala kipimo kingine cha mguu. Ningechagua lava: jike wa glifea mwenye mayai, aliyepandishwa akiwa hai, mayai yake yakatotolewa ndani ya tangi na kila hatua ya kukua ikachorwa. Akelata walijitambulisha kwa lava wao aliye kama jani, na inawezekana kabisa kwamba glifea nao wamebeba kitambulisho chao katika siku zile chache za mwanzo wa maisha, kabla gamba halijawa gumu na mifereji haijachorwa.